Kisu, Uma na Mkono wa Kulia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, afanyaye biashara mjini Kericho, penye mashamba ya chai. Atueleza kuwa amenunua kasha la kale la visu na uma za mezani, lililotoka katika nyumba ya Mzungu wa mashamba, na kila kipande kina chapa E.P.N.S. Tangu siku hiyo nyumba yake imeingia mafarakano. Mwanawe asema kulia uma ni ukafiri. Mkewe asema ndio ustaarabu. Na mama yake mzazi, bibi mtu mzima, hali tena mezani. Huchukua sahani yake akala jikoni. Ndugu yetu auliza: Je, vyombo hivi ni halali?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza, kisu. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alionekana akikata nyama ya bega la kondoo, akaitwa kwenye sala, akakiweka kisu, akasali. Basi asemaye kuwa kula kwa chombo ni ukafiri asema asilolijua, na kumkufurisha Muislamu ni jambo zito kuliko uma.

Pili, fedha. Mtume alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na sahaba Hudhayfa alikitupa chombo cha fedha alicholetewa maji huko Madain. Chapa ile maana yake ni kwamba ndani mna shaba, nikeli na zinki, na juu kimepakwa fedha kwa umeme, kazi ambayo Elkington wa Birmingham walipata hati yake mwaka 1840. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wasema: ikiwa fedha iliyopakwa ni nyembamba hata moto hautoi kitu, si haramu kuvitumia, ikiwa itatoka, ni haramu. Ajuaye hilo ni sonara, basi na aulizwe. Mpaka hapo, vipo visu vya chuma kisichoshika kutu, vilivyoanzia Sheffield, navyo havina shaka.

Tatu, mkono. Waingereza hupeleka chakula kinywani kwa uma ulio mkono wa kushoto. Sisi tumefundishwa kutaja jina la Mungu na kula kwa kulia. Na akate, akiweke kisu, kisha ahamishie uma mkono wa kulia. Hapana taabu.

Nne, na ndilo kubwa. Ndugu yetu aandika kuwa marehemu baba yake alikuwa mpishi katika nyumba kama ile. Kila juma alivisugua visu vya namna hii vikang'ara, wala hakuvilia hata siku moja. Chakula chake kilikuwa jikoni. Ndiyo sababu mwana amevinunua. Twaufahamu uchungu huo, wala hatumlaumu. Walakini na atazame: meza iliyomweka baba yake jikoni, leo yamweka mama yake jikoni, na safari hii mwenye meza ni Muislamu, tena ni mwanawe.

Mwenyezi Mungu ameamrisha aabudiwe Yeye peke yake, na papo hapo akaamrisha wazazi watendewe wema. Chombo kimtiacho mama haya nyumbani mwa mwanawe, hata kikiwa cha mti, hakina kheri.

Basi ewe ndugu yetu, usiku wa leo tandika jamvi, weka sinia moja, kamwite mama yako mwenyewe, usimtume mtoto. Akae mbele, aanze yeye kwa mkono wake. Kasha na lingoje.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuvitumia vitu, wala tusiwe wenye kutumiwa navyo. Amin.