Mhasibu Aliyesomea Ukaguzi Msimu wa Korosho

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya vijana wanaoshika vitabu vya vyama vya msingi huku wakiisaka CPA, sifa ya juu ya taaluma ya uhasibu. Mtu mwenyewe hayupo, lakini aliyoyafanya yapo, na ukikaa Mahurunga, mkoani Mtwara, msimu mmoja hutashangaa kuyaona.

Kijana alikuwa na shahada ya uhasibu na ajira yake ya kwanza: mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku kusini ambako mto Ruvuma unaingia baharini na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Shahada ilimwezesha kuanzia ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Akajisajili. Nia hiyo naiheshimu kwa dhati. Chama kinachopitisha fedha za kijiji kizima kinamhitaji mtu aliyesoma mpaka mwisho, na wengi wa kiwango hicho hawakai vijijini.

Alipokosea ni kalenda. Kwa miaka mingi mitihani ya NBAA imekuwa ikifanyika Mei na Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, na Novemba ndipo ofisi ya chama inapofurika watu. Yeye akachagua Novemba kwa sababu rafiki yake wa chuoni, aliyeajiriwa Dar es Salaam, alikuwa anafanya Novemba. Rafiki hakuwa na magunia mlangoni. Mtu wa korosho mtihani wake ni wa Mei: malipo ya msimu yameshafungwa, kazi ya kupulizia salfa haijaanza, na usiku wote wa masika ni wako na kitabu. Yeyote aliyekaa katika ofisi ile misimu miwili angemwambia hivyo, lakini hakumuuliza mtu.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, zao hupita mikono mingi kabla ya kuwa fedha. Mkulima analeta gunia, karani anapima na kuandika hati. Halisi anaondoka nayo mkulima, nakala inabaki chamani. Mzigo unapelekwa ghala kuu, unapimwa tena, unaingia mnadani. Fedha zikishuka, mhasibu anaandaa orodha ya malipo: jina, kilo, makato, akaunti ya benki. Hati isipoingia kwenye orodha, mwenye hati halipwi. Ndiyo maana kilo za hati na kilo za ghalani hulinganishwa kwa kila mzigo, na tofauti hutafutiwa sababu siku ileile, wakati kila aliyeshika gunia bado anakumbuka.

Mwisho wa juma kijana alikuwa mjini Mtwara kwenye madarasa ya marudio. Katikati ya juma alikuwa ofisini, mitihani ya miaka iliyopita imefunguliwa kwenye droo. Nakala za hati alizitia begini ili aziingize kwenye leja usiku. Usiku ukifika, alisoma. Kila Ijumaa alimwachia karani wa mizani funguo za kabati na muhuri, na mwenyekiti akasaini fomu za malipo zikiwa tupu ili kazi isilale. Angeweza kuomba likizo mapema, bodi ya chama ikateua wa kumshikia nafasi, makabidhiano yakaandikwa. Aliogopa wataona hajiwezi.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Somo la ukaguzi linafundisha mgawanyo wa majukumu: anayepima mzigo asiandike vitabu, anayeandika vitabu asiidhinishe malipo. Sura hiyo aliijua kwa moyo, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Wakati anaipigia mistari, mizani, muhuri na fomu zilizosainiwa vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Mzigo mmoja wa Novemba ulikuwa na kilo 18,460 kwa hati, na ghalani zikapokelewa 18,212. Pungufu 248. Akaandika "unyaufu", akapiga mstari wa jumla, akagawa makato kwa wakulima wote. Korosho hupungua uzito kweli ikikauka, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Siku chache kabla ya mtihani, bibi mmoja alifika dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu tuliopima siku moja wameshalipwa. Mimi benki wananiambia hakuna kitu."

"Majina yanakuja kwa awamu, bibi. Subiri mnada ujao."

Hapakuwa na awamu yoyote. Alitaka kurudi kwenye kitabu. Bibi alisubiri mnada ule na uliofuata. Januari mjukuu wake alitakiwa kuripoti sekondari ya bweni na godoro, sare na madaftari, na hati ya chama hainunui godoro. Akaziuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, korosho alizokuwa amebakiza, zikapimwa kwa bakuli, kwa bei ya mtu mwenye shida.

Msimu ulipokwisha akaja mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika. Aliomba hati zote, akazipanga kwa namba, akakuta namba saba hazipo. Nakala zake zilipatikana ndani ya kitabu cha kodi, zikiwa alama za kurasa. Ya bibi ilikuwa mojawapo. Zilikuwa na kilo 391, na kwa kuwa hazikuwa zimejumlishwa, upungufu wa kweli haukuwa 248, ulikuwa 639. Habari za unyaufu zikaishia hapo. Karani wa mizani alikuwa ameshaacha kazi, na kwenye fomu zilizosainiwa zikiwa tupu kulikuwa na majina ambayo kijijini hayajulikani.

Matokeo ya NBAA yalitoka. Alifaulu ngazi aliyoianzia, na ukaguzi ukiwemo. Mkutano mkuu nao ukakaa, ukaamua bibi na wenzake sita walipwe kwanza na mhasibu aondoke.

Hata akiimaliza mitihani yote, kufaulu peke yake hakumfanyi mtu kuwa CPA. Usajili wa NBAA unadai pia angalau miaka mitatu ya uzoefu wa kazi, na uzoefu huo lazima uthibitishwe na aliyekusimamia. Kijana alirudi kwa mwenyekiti kuomba barua ya muda aliofanya kazi pale.

"Barua nitakuandikia, mwanangu," mwenyekiti alimjibu. "Lakini nitaandika yaliyokuwepo."