Heshima ya Maiti ni Ipi?

Akifa mtu katika miji yetu hii ya pwani, haliondoki tanga ila amekwisha kusifiwa kwa kila sifa. Si vibaya. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amepokea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba tusiwatukane waliokufa, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Walakini, je, kutotukana ni kunyamazia kila jambo?

Twauliza kwa ajili ya jirani yetu mmoja wa Lamu, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa wanawe wangali hai. Alikuwa na duka dogo la nafaka. Baada ya magharibi hulifunga, akaketi barazani na wanawe, kila mmoja na msahafu wake. Hakuwa mwanachuoni, akikosea irabu husahihishwa na mwanawe wa miaka kumi, naye hukubali, na hilo kwa baba ni zito kuliko kusoma kwenyewe. Mkewe alipougua alipika yeye, watu wakamcheka, naye akawakaribisha kula.

Alipofariki, daftari yake ilionyesha kwamba alikuwa akidaiwa. Zilikuwamo bei za magunia ya mchele, na, lililo zito zaidi, amana ya mjane mmoja aliyoitumia dukani mambo yalipomharibikia. Tukakutana marafiki zake, na wengi wetu, nami nikiwamo, tukaona jambo hili lisitajwe mpaka ipite arobaini, asije akavunjiwa heshima. Na arobaini yenyewe tuliikadiria kwa mbuzi na mchele, vyote katika mali ya mayatima!

Aliyekataa ni bintiye mkubwa. Alisema nyuma ya pazia: "Ami zangu, baba ameliandika deni hili kwa mkono wake. Lau alitaka lifichwe, asingeliandika."

Hatukuwa na jawabu. Sote twajua kwamba Qur'ani, katika Sura ya Wanawake, imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Twajua pia mapokezi ya Jabir, kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili tu, akajitenga asimsalie, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Deni lilitajwa mbele ya watu na maiti hakutukanwa, aliokolewa. Ama chakula, Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria (629), Mtume aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi twaligeuza jambo hili: wafiwa ndio wapikao, nasi ndio tulao.

Nakiri kwamba tuliyokuwa tukiilinda haikuwa heshima ya marehemu. Ilikuwa yetu sisi, tuliomsifu jana yake na tukaona haya kurudi nyuma.

Mizani na shehena ya duka ziliuzwa, madeni yakalipwa. Siku ya arobaini haikuchinjwa hata kuku, na wako wasemao mpaka leo kwamba mzee yule alizikwa kama asiye na watu. Yule mjane, alipokabidhiwa fedha zake, kabla ya kuzihesabu aliuliza kama watoto wamebakiwa na chakula.