Kifaru Kilichopelekwa Shamba

Shervick ni jina la trekta, na ukilipasua katikati unapata historia yake: Sherman, kifaru cha Marekani kilichotengenezwa kwa maelfu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na Vickers, kampuni ya Uingereza iliyozoea kuunda mizinga, meli za kivita na vifaru. Vita ilipokwisha, Vickers walichukua miili ya Sherman, wakaondoa mnara wa mzinga, wakakata vyuma vizito vya juu, wakabakiza mwendo wa minyororo, na kilichobaki wakakiita trekta. Shamba lililokuwa likiyasubiri lilikuwa hapa kwetu, Kongwa, chini ya kilometa mia moja mashariki mwa mji wa Dodoma. Matrekta hayo hayakutengenezwa mengi, hayakufanya kazi vizuri na hayakudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Vickers walijaribu tena kwa trekta jipya, Vigor, nalo halikuwafikisha mbali.

Mimi si mpenzi wa mashine. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na Shervick nilikutana nalo nikitafuta kitu kingine: mfano wa chombo cha mauaji kilichogeuzwa kuwa chombo cha kulisha watu. Waliolelewa kanisani wanaujua unabii wa Isaya kuhusu panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Nikadhani nimeupata upanga wenyewe, tena wa tani thelathini. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoanza kujiuliza kama upanga ule uligeuka kweli.

Mpango wa Karanga wenyewe wengi tumeusikia shuleni, kwa kawaida kama kichekesho. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka 1946 ujumbe wa watu wachache ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, kwa sehemu ukitazama nchi kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 za karanga ndani ya miaka 6, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizofikia kupandwa hazikuzidi sana 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 35.

Tunachokirukia haraka tunapocheka ni ardhi. Karanga ni mmea wa ajabu kidogo. Ua lake la njano huchanua juu, hewani, halafu kikonyo chake hujipinda, kikashuka na kuingia udongoni, na punje hukomaa huko chini. Mmea wa namna hiyo unataka udongo laini mara mbili: wakati wa kuingia, na wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, hukauka ukawa kama tofali. Visiki viling'olewa, lakini mizizi ya vichaka ilibaki chini ikivunja majembe ya plau. Mibuyu ilikuwa na nyuki, na nyuki hawakujali kama anayekuja ameketi juu ya kifaru au punda. Mwanamke yeyote wa Kigogo mwenye robo ekari ya karanga nyuma ya nyumba angeweza kuwaeleza mambo haya, isipokuwa pengine la plau.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Kifaru ni mashine iliyobuniwa ili dereva wake asihitaji kuuliza kilichoko mbele. Ukuta, mtaro, kichaka, vyote ni kitu kimoja: kizuizi. Huo ndio ubora wake vitani, na sioni sababu ya kuwalaumu waliokibuni. Mkulima, kinyume chake, anaishi kwa kutofautisha. Hapa panatuama maji, hapa pana chumvi, hapa palikuwa na zizi la ng'ombe miaka kumi iliyopita kwa hiyo mtama utakuwa mrefu. Vickers waliondoa mzinga. Ile tabia ya kutouliza haikuwa kwenye mzinga, kwa hiyo haikuondoka nao.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga, na pingamizi lake lilininyima usingizi kidogo. Alisema ninahukumu kwa matokeo. Miaka ile Kongwa ilipata ukame. Mvua ingenyesha vizuri, karanga zingejaa maghala, na mimi ningekuwa naandika insha kuhusu ujasiri. Kama sifa na lawama zinategemea mawingu, basi si maadili tena, ni bahati nasibu.

Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba mavuno mabaya peke yake hayamfanyi mtu kuwa mkosaji. Mkulima mwaminifu wa Dodoma hukosa mvua mara nyingi kuliko anavyoipata. Lakini nusu ya pili siikubali. Kuna kutojua ambako hakuna dawa, kama kutojua mvua ya mwaka kesho. Na kuna kutojua ambako dawa yake ni kushuka kwenye ndege na kumsalimia mtu: Mbukwa, mama, hapa panalimwaje? Kutojua kwa aina hii ya pili kunabaki kuwa kosa hata mvua ikinyesha. Mavuno mazuri yangelificha tu. Na nia njema hailipunguzi, kwa sababu ni nia hiyo hiyo njema iliyowaambia kwamba hakuna muda wa kuuliza, watu wana njaa.

Ingekuwa rahisi kama ningeweza kusema huu ulikuwa ugonjwa wa wakoloni. Mwaka 1971, Tanzania ikiwa huru tayari, ilikuja Operesheni Dodoma, na watu wa mkoa huu walihamishwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema kuliko ile ya karanga: shule, zahanati, maji. Bibi yangu alikuwa ameolewa karibuni. Haizungumzii operesheni kwa chuki. Watoto wake walisoma katika shule ile. Anachokikumbuka ni kwamba mashamba mazuri, yale yenye samadi ya miaka mingi, yalibaki kwenye mahame, mbali, na kule walikowekwa nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka juu ya udongo ambao hakuna aliyewahi kuuchagua.

Namtaja Bibi kwa sababu swali hili kwangu limekoma kuwa la darasani. Ana ekari nane upande wa Mlali, na baba mdogo anataka kukodi tingatinga lisafishe zote, pamoja na mbuyu ulio katikati, kisha trekta lilime na ipandwe alizeti. Jambo hili limejadiliwa katika kundi la familia la WhatsApp kwa majuma matatu. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma zaidi, natakiwa niseme neno.

Nilitarajia kuwa upande wa Bibi. Ni upande mzuri kuusimamia katika insha: bibi, mbuyu, hekima ya wazee. Lakini baba mdogo alisema jambo ambalo sikuweza kulijibu. "Mama, mgongo wako umekwisha. Hawa wanataka tukuheshimu kwa kukuacha uchakae na jembe la mkono." Ni kweli. Bibi hulima kwa kuberega, anaparuza juu juu tu kabla ya mvua, jambo ambalo mabwana shamba wamelipiga vita tangu nikiwa mdogo, na mwaka wa mvua chache hupata debe chache za uwele. Kuusifia ujuzi wake huku nikiwa nimekaa chini ya feni maktaba, kisha yeye akainama jua la saa saba, kuna ukatili wake. Ujuzi wa ardhi hauondoi uchovu. Trekta linauondoa, na silaumu trekta.

Kwa hiyo neno nililoandika kwenye kundi halikumfurahisha yeyote. Niliandika kwamba trekta lije, ila kabla halijashushwa jembe, dereva ashuke atembee shamba lote na Bibi, kona hadi kona, na pale Bibi atakaposema hapana pawekewe alama. Shangazi alijibu kwa emoji ya kucheka. Baba mdogo aliuliza kama nadhani dereva ana siku nzima ya kutembezwa na bibi kizee. Nilimjibu kwamba ekari nane ni saa moja.

Bibi hasomi WhatsApp, akasomewa na binamu yangu. Alichouliza ni kimoja: huyo dereva anajua maji ya korongo la juu yanapita wapi Januari? Hakuna aliyejua, hata baba mdogo, aliyezaliwa pale. Kumbe yanapita kando ya mbuyu, kwenye ukanda mwembamba ambao Bibi hajawahi kuulima, na ambao sisi wote tuliudhani ni uvivu.

Jumamosi iliyopita baba mdogo alimpigia dereva kumweleza. Dereva akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kutembea nako kunalipiwa. Baba mdogo akasema kutalipiwa. Sasa kwenye kundi tunabishana nani atoe hiyo hela, na Bibi amesema kama shida ni hiyo, atatoa kuku.