Amekuja au Ameletwa?

Binamu yangu anaishi Minnesota, kule ambako Januari ziwa linaganda mpaka watu wanaegesha pickup juu yake. Juzi alituma picha kwenye grupu ya familia: chatu amejizungusha kwenye mkono wake. Chini aliandika, "Mkaribisheni mwanafamilia mpya."

Grupu ikawaka moto. Shangazi aliandika "Shindwe!" mara tatu. Mjomba wa Kondele akauliza kama pesa za Marekani zimekosa kazi. Dani, nyanya yetu, haandiki. Yeye hutuma sauti kutoka Nyakach, kuku wakisikika nyuma. Alisema jambo moja tu: "Nyathina, huyo amekuja au ameletwa?"

Wengi walicheka. Mimi swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo.

Kwanza nimtetee binamu. Huyo chatu ni wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi, wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Alizaliwa kizimbani, mwenye kumnunua akamchoka, akamwacha kwenye kituo cha wanyama. Binamu alimkuta kwenye sanduku ambalo hata kujinyoosha hawezi, akamchukua. Sasa amemjengea kizimba cha mita moja na robo hivi. Upande mmja una joto la digrii 31, mwingine 26, ili nyoka achague mwenyewe, maana mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Kila upande una pango la kujificha. Kuna bakuli la maji, unyevu unapimwa, na taa ina kidhibiti ili isimchome. Wiki ya kwanza hakumgusa kabisa. Chakula ni panya waliogandishwa, anawayeyusha kwanza, halafu akishakula anaachwa siku mbili atulie.

Manze, kuna watu Nyalenda wanalipa kodi na nyumba zao hazijafikiriwa hivyo. Lakini tukiacha mzaha, kazi ni safi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na binamu ameingia ndani kweli, akauliza nyoka anahitaji nini, siyo yeye anataka kuona nini.

Sasa kwa nini Dani aliuliza vile?

Dani ni mtu wa Nyakach, na Nyakach ina historia na chatu. Kijiji cha Wasare kilimjua chatu mkubwa, jike, jina lake Omieri. Hakufugwa. Alitokea tu, akakaa vichakani karibu na maboma, na watu wakaamini kwamba akija, mvua na mavuno vinamfuata. Mwaka 1987 moto wa nyasi ulimchoma. Akachukuliwa kupelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko. Wengi nyumbani hawakulisahau hilo. Kisha mwaka 2003 chatu mwingine akatokea Wasare, naye akaitwa Omieri, na mjadala ukarudi: aachwe hapo au ahamishwe, maana kuna watoto, kuna mbuzi.

Angalia hilo jina. Nyoka wa kwanza alikufa lakini jina halikuzikwa. Ni kama kiti kilichoachwa wazi nyumbani kwa mgeni ambaye hujui atakuja lini. Huwezi kummiliki mtu wa aina hiyo. Unampokea tu, na akitaka kuondoka njia ni yake.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa: kijiji kina hekima, Mzungu ana kizimba, kwaheri. Lakini huo ni uongo mtamu. Chatu wa huku ni yule wa miamba, anaweza kupita mita nne, na mbuzi anammeza mzima. Mama mwenye mbuzi wawili ana haki ya kutolala usingizi. Halafu sehemu nyingi, chatu akionekana hakuna heshima yoyote, ni panga na mawe. Na yule aliyeungua 1987, mngemwacha na vidonda vyake ndiyo muitwe wenye utamaduni? Waliompeleka Nairobi nao walikuwa wakitunza. Mkono unaotibu unaweza kuwa ndio unaomtoa mgonjwa kwao. Hapo hakuna jibu lisilo na doa, na sitajifanya ninalo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sote tunataka malipo. Wasare walitarajia mvua. Binamu naye ananiambia, "Huyu ananipenda, usiku anajikunja mkononi." Buda, mkono wako una joto. Chatu hatakuja mlangoni ukirudi kazini kama mbwa. Hakujui kwa namna unayotaka kujulikana. Ukimtunza kwa sababu anakupenda, siku utakapogundua hakupendi utamrudisha kwenye kituo, kama mwenzako wa kwanza. Florida wanajua hadithi hiyo: chatu wa Burma walioachiliwa na kutoroka kutoka kwa wafugaji wakazaliana katika vinamasi vya Everglades, na sasa wanawamaliza wanyama wa pale.

Kwa hiyo deni letu haliwezi kusimama juu ya mapenzi, wala juu ya mvua. Nadhani Dani alikuwa anatafuta mahali deni linapoanzia. Aliyekuja mwenyewe, unadaiwa njia: usimfungie, usimchome, mpishe. Ndiyo maana hata sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu umwokote chatu Dunga umpeleke chumbani bila kibali. Aliyeletwa ni mwingine. Huyo hana pa kurudi. Ukimwachilia Minnesota, baridi itamuua, na kwa babu zake Afrika Magharibi hajawahi kufika. Njia yake ilifungwa na watu, basi watu wanamdaiwa nyumba. Hata kama aliyemleta si wewe. Ukishaupokea mkono wa kumshika, umepokea na deni.

Na swali hili halikomei kwa nyoka. Mtoto wa ndugu uliyemtoa kijijini aje akusaidie kazi Kisumu, amekuja au ameletwa? Ukijibu kwa ukweli, utajua kama unamdai shukrani au yeye ndiye anayekudai.

Binamu alijibu kwenye grupu baada ya siku mbili. "Ameletwa, Dani. Na hawa huishi miaka ishirini, hata thelathini."

Kuku wakasikika, kisha sauti ya Dani: "Basi usichoke."