GARANTI YA NYUMBA NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Bukavu umebanwa. Huku ziwa, huku Ruzizi na mpaka, nyuma milima ambayo udongo wake unateremka mvua ikinyesha. Watu wanakimbia vita vijijini na kuja kutafuta pa kulala, nayo ardhi haiongezeki. Parseli moja inakatwa mara nne, na moto ukishika nyumba moja ya mbao kule Kadutu unakula mstari mzima, kwa kuwa hakuna hata njia ya kupita na ndoo.

Ufinyu huo hatukuuumba sisi. Lakini kuugeuza mtego ni kazi ya mikono yetu, na wenye nyumba wengine wanaswali safu ya kwanza.

Sheria ya nchi ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Nani anaifuata? Mtu anadaiwa miezi sita, na komisionere anataka wake juu. Akihama anaambiwa: "Garanti imekwisha, nilipaka nayo rangi." Ndugu yangu, hukumuuzia kitu. Ile ni mali ya mwenzako iliyolala kwako, na Sura An-Nisaa inatuamuru kurudisha amana kwa wenyewe.

Juzi mjane mmoja alitolewa vyombo nje, mvua inanyesha, kwa deni la miezi miwili. Garanti yake ya miezi sita bado ilikuwa mkononi mwa mwenye nyumba. Hesabuni wenyewe: nani alikuwa anamdai mwenzake? Sura Al-Baqara inataka mdeni aliye katika dhiki angojewe mpaka apate nafuu. Sisi tunamngoja mpaka Jumatatu.

Nanyi wapangaji msicheke. Mwenye uwezo kuchelewesha deni, Mtume (S.A.W.) aliita dhuluma. Simu mpya mfukoni, kodi ya miezi mitatu haijalipwa!

Leo baada ya Alasiri kamati itakaa hapa msikitini na karatasi za mkataba. Mwenye nyumba aje na mpangaji wake, mashahidi watapatikana. Iandikwe garanti iliyopokelewa, tarehe, na siku ya kuirudisha. Mwenye kipande cha ardhi anachoweza kukiwekea wakfu kwa ajili ya wajane, anione.

Wabillahi tawfiq.