Mgonjwa wa Akili ni Amana Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeumba mwili na roho, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu wa Lembeni, wa milimani na wa tambarare, naanza kwa kukiri kosa langu. Mtu mmoja niliyemsomesha chuoni udogoni mwake alifiwa na mkewe. Ikapita arubaini, naye hali, halali, shamba limeota magugu, na msikitini haonekani. Nikamwendea nikamkaripia, nikamwambia kuwa huzuni yake ni udhaifu wa imani. Akainamisha kichwa, asinijibu neno. Siku chache baadaye nduguye alimuwahi akiwa yu tayari kujiua.

Basi nikarudi vitabuni. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yakamwingia weupe. Nani atasema kuwa imani yake ilipunguka? Na mwaka aliofiwa Mtume wetu na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, wanavyuoni wauita Mwaka wa Huzuni. Naye alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Jambo alilojikinga nalo Mtume huwaje aibu kwa umati wake?

Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Humo aligawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na isiyojulikana sababu, ambayo asili yake i mwilini na yataka tiba ya mwili. Imepita miaka elfu na zaidi, na sisi tungali twasema kila mwenye huzuni amerogwa!

Zijueni dalili. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi hana raha na lolote, usingizi umemtoka au umemzidi, chakula hakimpendezi, na ajiona hana faida kwa watu, huyo yampasa kutazamwa na tabibu kama mwenye homa. Mwingine hushikwa na hofu isiyo sababu, moyo ukamwenda mbio. Mwingine husikia sauti wasizozisikia wenziwe. Na mwanamke aliyejifungua karibuni aangaliwe sana, kwani naye huweza kupatwa.

Mtasema: ni majini, na asomewe. Sikatazi kusomewa, mimi mwenyewe husoma. Lakini Mtume ametuamrisha kujitibu, na kisomo hakiondoi dawa, kama vile dua ya mvua haituondolei kazi ya kuzoa matope ndivani. Ama kumfunga kamba, kumpiga, na kumshindisha na njaa ati pepo limtoke, hiyo ni dhuluma. Sheria haimwandikii mwenye wazimu dhambi mpaka apone. Wewe umepewa na nani idhini ya kumwadhibu?

Mpelekeni zahanati, kisha hospitali ya wilaya. Wako matabibu wa maradhi haya Moshi katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Dodoma katika Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927. Akipewa dawa asiiache kwa kuona nafuu, ila kwa amri ya tabibu. Na asemaye kuwa atamani kufa, msimwache peke yake wala msimkemee. Mwulizeni waziwazi, mwondoleeni kamba na sumu za shambani, na siku hiyo hiyo mpelekeni kwa tabibu.

Mwanafunzi wangu yule alitibiwa miezi mingi, na sasa analima tena. Nilimwendea kumtaka radhi. Akaniambia: "Maalim, siku ile sikutaka mawaidha. Nilitaka uketi nami tu."

Basi ketini nao, ndugu zangu, kabla hamjawaidhi. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe tuliowaumiza kwa ujinga wetu. Amin. Wallahu aalam.