Usiikimbie Safu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Leo namzungumzia mtu ambaye huenda hayumo humu ndani. Alikuwa akikaa safu ya pili, karibu na nguzo. Akakabidhiwa pesa za kikoba, akabanwa na ada ya mtoto, akachota kidogo kwa nia ya kurudisha. Hakurudisha. Sasa adhana ikilia anapita uchochoroni asikutane na wenzake, na mswala umekunjwa juu ya kabati. Ukimuuliza atakwambia: "Nitamwomba Mungu kwa uso gani?"

Kwa uso wa Kaab bin Malik.

Mwaka wa 9 Hijria Mtume aliwatangazia watu safari ya vita ya Tabuk, jua kali, matunda yameiva. Kaab, sahaba wake, hakuwa mgonjwa wala fukara. Alikuwa na ngamia wawili. Kila siku akisema atajiandaa kesho, hadi jeshi likafika mbali. Mtume aliporejea, watu 80 na zaidi waliobaki nyuma walimjia na visingizio na viapo. Kaab alikiri kuwa hana udhuru. Yeye, na Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya waliokiri kama yeye, wakatengwa. Watu wakakatazwa kusema nao.

Wenzake wawili walijifungia nyumbani wakilia. Kaab alitoka. Aliswali jamaa na watu wasiomsemesha. Alikuwa akimtolea Mtume salamu, kisha akimtazama midomo aone kama imetikisika kumjibu. Mimi hapa ndipo ninaposimama kila nikiisoma habari hii: aibu ilimjaa, na bado alikwenda msikitini. Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua ya kumkaribisha kwake. Kaab akaitupa tanurini. Na siku hizi pia aliyeanguka hakosi wa kumkaribisha, vijiwe vya mirungi viko wazi usiku kucha.

Alfajiri ya siku ya 50, ameshaswali juu ya paa la nyumba yake, akasikia mtu akimpazia sauti ya bishara kutoka mlima Sala. Toba yao imekubaliwa, na habari yao imo katika Suratut-Tawba, aya ya 118. Kaab alimvulia mbashiri nguo zake mbili, akaazima nyingine za kwendea kwa Mtume.

Basi wewe ndugu yangu, tia udhu leo usiku, swali rakaa mbili, inua mikono umweleze Mola wako kwa Kiswahili chako, usifiche kitu. Kisha uende kwa wanakikoba. Wanachuoni wametufundisha kwamba toba juu ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi au mwenyewe asamehe. Watajie kiasi ulichochukua, uanze na ulichonacho, hata kama ni shilingi elfu kumi.

Nasi tuliomo safuni tusimkodolee macho akija. Kaab alipoingia msikitini siku ile ya bishara, Talha bin Ubaidullah aliinuka akamkimbilia kumpa mkono. Mwenye kumjua ndugu yetu huyo ampitie leo kabla ya Magharibi, amwambie mahali pake karibu na nguzo pangalipo.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Nanyi mwombeni.